Ziara ya pikapu Wadi Rum: umelipia upepo, ukaonyeshwa chumvi na maji

Kwa mandhari, nyota tano bila ubishi. Kwa maelezo ya namna miamba ile ilivyopata maumbo yake, nyota mbili, na ya pili ni ya huruma.

Tunayoipima hapa ni huduma moja yenye wauzaji wengi: ziara ya jangwani nyuma ya pikapu katika hifadhi ya Wadi Rum, kusini mwa Yordani, mwendo wa saa moja hivi kutoka bandari ya Aqaba. Wauzaji wengi ni Mabedui wenyeji, Wazalabia wa kijiji cha Rum na Wazuwaydeh wa upande wa Disi, na vituo vyao vinafanana kiasi kwamba ukimpima mmoja umewapima wengi. Matangazo nayo yanafanana: njoo uone miamba iliyochongwa na upepo. Maneno hayo ni nusu ya ukweli tu. Anayeijua nusu ya pili hupata ziara bora zaidi kwa bei ileile, kwa kuwa anajua asimame wapi, atazame nini na wapi apite haraka.

Unacholipia

Kiingilio cha hifadhi ni dinari 5 kwa mgeni, na kinalipwa kwenye kituo cha wageni kabla ya kufika kijijini. Mwenye Jordan Pass, tiketi ya pamoja ya vivutio vya Yordani, halipi. Pesa hiyo haimo kwenye bei ya ziara, na wengi hushtuka wakiambiwa watoe tena mfukoni. Jambo la pili ni namna ya kukokotoa: bei ya kituoni huhesabiwa kwa gari, ilhali wanaouza mtandaoni huhesabu kwa kichwa. Mkiwa watano au sita, ulizeni bei ya gari zima. Ukiwa peke yako, bei ya kichwa ndiyo nafuu, maana utachanganywa na kundi.

Gari lenyewe kwa kawaida ni Toyota ya zamani ya magurudumu manne, imewekwa mabenchi mawili nyuma na turubai juu. Usidharau uzee wake. Dereva mzuri utamjua kwa mambo mawili. Kwanza, amepunguza upepo wa tairi kabla ya kuingia mchanga laini, kutoka psi 35 hivi (kipimo cha upepo wa tairi) hadi 20 au chini kidogo, ili tairi litanuke na kukanyaga eneo kubwa zaidi. Pili, anafuata alama za tairi zilizokwishapita badala ya kufungua njia mpya. Ukiona anakata kona kwenye uwanja wa kokoto ambao haujaguswa, mwambie. Ule utandu mgumu wa juu ndio unaoshikilia vumbi la chini. Ukivunjwa, upepo huanza kuchukua udongo ambao ulikuwa umetulia kwa miaka mingi.

Urefu wa ziara ni saa mbili, saa nne, au siku nzima, na unaweza kuongeza usiku mmoja kambini. Ya saa mbili iache. Inakupeleka kwenye chemchemi, kilima cha mchanga na ufa wa Khazali, halafu unarudishwa kabla hujaona mwamba hata mmoja ambao upepo umeufanyia kazi ya maana. Chini ya saa nne ni picha tu.

Upepo unaweza nini na hauwezi nini

Hapa ndipo huduma inapopwaya, kwa hiyo tuelezane.

Upepo mtupu hauchongi mwamba. Kinachochonga ni chembe za mchanga zinazobebwa nao. Chembe ya robo hadi nusu milimita huanza kusogea upepo unapofika kilomita 20 hivi kwa saa. Hairuki angani kama vumbi. Inadunda: inainuka, inasukumwa mbele, inaanguka, inagonga nyingine, nazo zinainuka. Sehemu kubwa ya mchanga husafiri hivyo chini ya nusu mita kutoka ardhini. Alasiri ya upepo mkali ukiinama utaona zulia jembamba la mchanga linatiririka usawa wa kifundo cha mguu, na ukisimama, hewa ya usoni kwako ni safi kabisa.

Mwanajiolojia wa Marekani Robert Sharp aliusimika ukweli huo jangwani kwa fimbo. Katika Bonde la Coachella, California, aliacha fimbo za plastiki ngumu zikipigwa na mchanga kwa miaka zaidi ya 10. Zililiwa zaidi karibu sentimita 23 kutoka chini. Chini ya hapo chembe hazina kasi ya kutosha, na juu ya hapo zinapungua idadi. Hiyo ndiyo asili ya mwamba wa uyoga: shingo inasagwa, kichwa kinabaki.

Ralph Bagnold, mwanajeshi Mwingereza aliyezunguka jangwa la magharibi mwa Misri kwa magari ya Ford katika miaka ya 1920 na 1930, alionyesha jambo jingine la kuweka akilini: kiasi cha mchanga kinachosogezwa hukua kwa mchemraba wa kasi ya upepo. Kasi ikiongezeka mara mbili, mchanga unaosogea unakaribia mara nane. Kwa hiyo siku chache za dhoruba hufanya kazi kubwa kuliko miezi ya upepo wa kawaida. Dereva anayekuambia kwamba "upepo huu wa kila siku" ndio uliochonga tao lile anakosea mara mbili: si upepo huo, na pengine si upepo kabisa.

Tazama sasa mwamba wenyewe. Kuta nyekundu za Wadi Rum ni mwamba wa mchanga wa Umm Ishrin, wa zama za Kambri, umri wake miaka milioni 500 hivi. Juu yake, kwenye vilele vya mviringo vyenye weupe, kuna mwamba wa mchanga wa Disi. Chini kabisa ni graniti ya kale zaidi. Miamba yote miwili ya mchanga ni chembe za madini ya kwazi zilizoshikanishwa, na mchanga unaorushwa nao ni kwazi vilevile. Kwazi kwa kwazi hazitambiani. Kinachokubali kushindwa ni saruji asilia iliyo katikati ya chembe: oksidi za chuma, udongo wa mfinyanzi, chumvi. Ikilegea, chembe inadondoka yenyewe.

Nani anailegeza? Mara nyingi ni chumvi na unyevu. Umande wa usiku au maji yanayopanda kutoka ardhini huyeyusha chumvi iliyo ndani ya mwamba. Jua likipanda, maji hukauka na chumvi hugeuka fuwele tena, zikikua ndani ya vijitundu na kusukuma chembe nje. Usiku unaofuata, vivyo hivyo. Upepo unakuja mwishoni na kazi yake hapo ni kufagia. Huo si mchango mdogo: bila mfagiaji, mchanga uliodondoka ungerundikana chini ya ukuta na kuuzuia usiendelee kuliwa. Ila kufagia si kuchonga, na tofauti hiyo inaonekana kwa macho ukijua pa kuangalia.

Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Charles, Prague, walitoa kipande cha tatu cha fumbo hili. Walichukua mwamba wa mchanga uliolegea, wakauwekea uzito juu na kuuacha umomonyoke. Kila pembeni ilipomong'onyoka, sehemu iliyobaki ilibeba mzigo mkubwa zaidi, chembe zake zikabanana, na mmomonyoko ukasimama. Yakatokea matao na nguzo bila mchongaji yeyote kuchagua umbo. Kwa lugha nyingine, upepo, mvua na chumvi huondoa kisichobeba mzigo. Kinachobeba kinajilinda chenyewe. Ndiyo sababu tao jembamba linasimama mahali ambapo jicho linasema lingeanguka zamani.

Vituo, kimoja kimoja

*"Chemchemi ya Lawrence".* Kwanza, jina. Pale pikapu zinaposimama kwa kawaida ni Abu Aineh, upande wa kusini wa kijiji. Chemchemi inayotajwa kwenye maandishi ya T. E. Lawrence mwenyewe, yule afisa Mwingereza aliyepigana pamoja na Waarabu katika Vita vya Kwanza vya Dunia, ni Ain Shalaaleh, nyuma ya kijiji cha Rum, na unaweza kupanda kwa miguu bila kumlipa mtu. Lakini kijiolojia kituo hiki si cha kupuuzwa. Tazama mstari wa kijani ukutani. Mvua inayoingia kwenye mwamba wa mchanga huteremka hadi igonge graniti isiyopitisha maji, na hapo inalazimika kutokea pembeni. Palipo na mstari huo ndipo unyevu na chumvi vinapokula mguu wa ukuta kutoka ndani, hadi sehemu ya juu inakosa pa kukalia na kuporomoka. Kuta nyingi zilizosimama wima bondeni zimepatikana hivyo. Madereva hukuelekeza kwenye mtini na kukuachia dakika 15 za picha. Tumia tano kufuata mstari ule.

*Kilima cha mchanga mwekundu.* Hapa upepo hauna mshirika, kazi yote ni yake, lakini ni kazi ya kulundika. Mchanga umegonga ukuta wa mwamba, upepo ukaishiwa nguvu na kuutua. Wateja hupanda juu wakahema, wakapiga picha, wakateremka. Kaa chini kwanza. Vijimawimbi vilivyoko usoni pa mchanga vina upande mmoja wa mteremko mpole na mwingine mkali. Upande mkali ndiko upepo wa mwisho ulikoelekea. Ukishaujua mwelekeo huo, una dira ya siku nzima, kwa sababu kwenye kila mwamba utataka kujua upande upi unapigwa. Ukiwa na lenzi ndogo ya mkono inayokuza mara 10, chota mchanga kidogo: chembe zinakaribiana ukubwa, zimeviringika, na uso wao umefifia badala ya kung'aa, kwa sababu ya kugongana. Wekundu ni utandu wa chuma. Dakika 20 zinatosha. Ratiba nyingi zinatoa saa nzima hapa, na ndiyo saa inayokosekana kwenye uyoga.

*Khazali.* Ufa mwembamba ndani ya mlima, wenye maandishi na michoro ya Kithamudi, hati ya kale ya Uarabuni, kwenye kuta. Ni mzuri, na hauna uhusiano na upepo. Mwamba ulipasuka kwa mvutano wa ardhi, maji yakaufuata ufa na kuupanua. Usiingie mawingu yakiwa mazito mlimani, hata kama pale uliposimama hakuna tone, kwa hofu ya mafuriko ya ghafla.

*Anfashieh.* Kituo kinachodharauliwa kuliko vyote, na ndicho chenye hoja kali kuliko vyote. Ni ukuta wa wazi, si wa kujificha kama Khazali, wenye msafara wa ngamia na maandishi ya Kithamudi na ya Kinabati, yaani ya Wanabati waliojenga Petra, ya karne nyingi sana. Sogea ukatazame kina cha mikwaruzo ile bila kuigusa. Ni milimita chache. Kama upepo ungekuwa unasaga ukuta huu kwa kimo hicho, michoro ingekwishafutika. Bado inasomeka, na utandu mweusi wa jangwani unaofunika mwamba haujang'olewa. Sasa shusha macho hadi usawa wa goti, hasa kwenye mawe yaliyojitokeza peke yake karibu na njia ya mchanga, ulinganishe. Hakuna maelezo ya mwongozaji yatakayokufundisha zaidi ya kuinua na kushusha macho mahali hapo.

*Mwamba wa uyoga.* Hiki ndicho kituo cha kudai kwa jina unapopatana bei, maana kwenye ziara fupi hakipo. Usiridhike na picha. Kuna mambo manne ya kukagua.

Anza na kimo cha shingo. Sehemu nyembamba kuliko zote ikiwa kati ya kifundo cha mguu na goti, mchanga unaodunda una kesi ya kujibu. Ikiwa juu ya kichwa chako, mchanga haukufika huko kwa wingi wa kutosha. Ama ardhi ilikuwa juu zaidi zamani na imeshuka, ama mlaji ni mwingine. Zunguka sasa. Kazi ya upepo unaotoka upande mmoja huacha shingo iliyoliwa zaidi upande huo. Iliyoliwa sawa pande zote inahitaji pepo za kubadilika au unyevu unaopanda kutoka ardhini. Tatu, tazama uso wa jiwe. Palipopigwa na mchanga pana ulaini wa kusuguliwa kwa msasa, mara nyingine na vijifereji vinavyoelekea upande mmoja. Palipoliwa na chumvi ni pakavu, pana magamba, pana unga, na chini yake kuna mchanga mpya wenye rangi ileile ya mwamba.

La nne ndilo wengi hawalifikirii. Fuata tabaka la shingo kwa macho hadi kwenye miamba jirani. Kama na yenyewe imebonyea kwenye tabaka hilohilo, hata pale ambapo ardhi iko juu au chini zaidi, basi ni tabaka dhaifu tu, yeyote anayekula ameanza na laini. Kama mbonyeo unafuata uso wa ardhi ukipanda na kushuka nao huku ukikata matabaka tofauti, hapo umepata kazi ya mchanga unaodunda, au ya unyevu wa ardhini, au vyote viwili. Uyoga mwingi wa majangwani, ukiukagua hivi kwa haki, huishia kuwa mali ya ubia.

*Tao la Um Fruth.* Takriban mita 15 kwenda juu, na foleni ya kupanda. Tao hili si tundu lililotobolewa na upepo. Ni bamba la mwamba lililobaki kati ya nyufa baada ya vipande kudondoka kimoja baada ya kingine, na yale ya Prague ndiyo yanayoeleza kwa nini kilichobaki kimekaa. Kupanda hakuhitaji kamba lakini kuna sehemu ya wazi ambayo mwenye kizunguzungu aiache. Viatu vya soli laini, si sandali. Na mvua ikiwa imenyesha jana au leo, usipande kabisa: mwamba wa mchanga uliolowa hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake, na kishikio kilichokuwa imara juzi kinaweza kung'oka mkononi. Tao la Burdah liko juu zaidi, linataka mwongozaji, kamba na nusu siku. Si la ziara ya pikapu.

*Masega.* Si kituo rasmi, lakini yako kila mahali: vitundu vilivyopangana ukutani na mapango madogo yanayoitwa tafoni. Karibu kila dereva atasema upepo. Ingiza kichwa kwenye kimoja. Ndani ni kivulini, kuna baridi kidogo, dari inatoa magamba, na pengine kuna ukungu mweupe wa chumvi. Mchanga uliorushwa ungepiga mdomo wa tundu, si dari ya ndani. Kivuli ndicho kinachotunza unyevu, unyevu ndio unaochezesha chumvi.

Yanayokwenda kombo

La kwanza ni saa. Mchana wa saa sita jua liko utosini na mwamba unaonekana bapa. Vijifereji na mibonyeo havionekani hata ukiwa mbele yake. Mwanga wa kuonea maumbo ni ule wa mlalo, saa mbili za kwanza asubuhi au mbili za mwisho jioni. Ratiba nyingi zinaweka uyoga na tao mchana na kilima cha mchanga machweo. Omba zigeuzwe. Madereva hawakatai wakiambiwa mapema. Wakiambiwa njiani wanakuwa na mafuta na miadi ya chakula ya kufikiria.

Msimu nao una neno. Oktoba hadi Aprili ndiyo miezi ya kwenda. Kati ya Machi na Mei kuna khamasini, upepo wa joto na vumbi. Kwa mtalii wa kawaida ni balaa, kwa anayetaka kuona mchanga ukifanya kazi ni bahati, mradi awe na miwani ya kuziba pembeni na kilemba cha kufunika pua. Sakafu ya bonde iko karibu mita 900 hadi 1,000 juu ya usawa wa bahari, hivyo usiku wa Desemba na Januari ni wa baridi kali. Ulizia mablanketi kabla, usiulizie saa tano usiku.

Kamera na simu zinaumia hapa kuliko mahali pengi, na sababu ni ileile inayokula miamba. Kwazi ina ugumu wa 7 kwenye kipimo cha Mohs, kioo cha kawaida hakifiki 6. Ukifuta lenzi yenye mchanga kwa kitambaa, unaichora mwenyewe. Puliza kwanza kwa puto la mpira, elekeza kioo chini chembe zidondoke, kisha ndipo ufute. Lenzi usibadilishe juu ya pikapu hata upepo ukiwa umetulia.

Kambi za mapovu ya plastiki, zile zinazopigwa picha sana, nyingi ziko upande wa Disi karibu na barabara ya lami. Hazina ubaya kwa kulala, ila mtu aliyelipia jangwa hupata taa za jirani na mngurumo wa jenereta. Uliza kambi iko ndani ya hifadhi au nje, na ni dakika ngapi kwa gari kutoka kijijini. Chakula, zarb, nyama na mboga zinazopikwa ndani ya shimo la makaa lililofukiwa mchanga, hakina cha kulalamikiwa.

Kisha majina. Mwamba laini unakubali msumari, na wageni wanaandika. Dereva anayenyamaza mteja wake akichora jina kando ya maandishi ya kale apunguziwe nyota bila kuoneana haya. Eneo hili limo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2011, kwa sifa za asili na za utamaduni pamoja.

Inamfaa nani

Inamfaa anayetaka kuona kwa siku moja maji, chumvi, uzito na upepo vikigawana kazi kwenye jiwe la aina moja. Aliyezoea nguzo za Isimila, Iringa, ambazo ni kazi ya maji, atapata hapa mahali pa kulinganisha jambo kwa jambo. Anayewinda upepo peke yake atafute jiwe laini zaidi: Jangwa Jeupe la Farafra nchini Misri, ambako ni chaki na mibonyeo ya chini iko wazi mno, ingawa vibali vya kuingia na kulala huko hubadilika na lazima viulizwe kabla ya kulipa. Au matuta marefu ya Lut nchini Iran, yanayoitwa yadangi, yaliyolala sambamba na upepo kwa kilomita nyingi.

Kwa Wadi Rum, ujumbe wa kumtumia muuzaji uwe mfupi na wenye masharti: saa nne au zaidi, bei ya gari zima, mwamba wa uyoga na Anfashieh viwemo kwa majina, kuanza saa moja asubuhi au kumaliza na uyoga jioni, kilima cha mchanga kisizidi dakika 20. Akijibu kwa kukutumia orodha yake ya kawaida bila kugusa hata sharti moja, jaribu mwingine. Kijijini wako wengi na gari ni lilelile.